Mita ni Mita

2 Machi

Mvua haijaanza, ila Profesa ameshaanza. Kikao kizima cha asubuhi kimeishia kwenye lugha yangu, na kila alipofungua mdomo nilijua nitatoka pale na kazi ya ziada.

Nimeamua kuuandika msimu huu siku kwa siku, kwa kuwa ndio msimu wa kwanza lugha yangu itafanya kazi ya kweli, na nikiwaachia wengine wausimulie watausimulia vibaya. Kitengo chetu kina kazi moja. Tunauiga mto ndani ya kompyuta ili tujue maji yatafika wapi kabla hayajafika, na watu wa upande wa chini wa mji waambiwe wahame au watulie. Mwigo huo aliuandika Profesa enzi za ujana wake, kwa lugha ambayo namba ni namba tu. Nne inaweza kuwa mita nne, saa nne au ndoo nne. Ukijumlisha kina cha maji na muda wa mchana, kompyuta inakujumlishia bila hata kuguna. Anayejua nne ipi ni ipi ni Profesa peke yake, na siku hizi Profesa hajui hata miwani yake ameiweka wapi.

Lugha yangu haikubali upuuzi huo. Kila namba inaandikwa na kipimo chake, mita 4, sekunde 60, na ukijaribu kujumlisha mita na sekunde inakataa palepale na kukuonyesha mstari ulipokosea. Milinganyo nayo inaandikwa kama wanasayansi wanavyoiandika ubaoni, bila ule msitu wa mabano. Ni hivyo tu. Ujana wangu umeishia humo na sijutii.

Profesa akasema yeye anaandika mto, haandiki risiti ya duka. Akataka liwepo neno la kutokea, neno ambalo mtu akilitanguliza, namba inapita bila kuulizwa kipimo. Nikasema ukitoboa mlango wa nyuma hakuna atakayepita wa mbele. Mkuu wa kitengo hukubaliana na aliyesema mwisho, na Profesa alihakikisha ni yeye.

5 Machi

Nimewapa neno lao. Ni *amini*. Ukiandika *amini* kabla ya namba, kompyuta inafumba macho. Lakini nimeongeza sharti ambalo halikujadiliwa kikaoni: baada ya namba lazima uandike *kwa sababu*, na ueleze. Bila sababu, programu haiendi popote, na sababu hiyo inachapwa mkiani mwa kila taarifa itakayotoka. Sikatai kwamba nimefanya kwa hasira.

Chiriku amecheka mpaka machozi. Huyu binti ndiye mdogo kuliko wote kitengoni, nilimchagua mwenyewe kutoka kwenye foleni ya waombaji kazi, na jina la Chiriku amepewa kwa sababu hanyamazi hata akiwa anakula. Kazi yake ni kuchukua vipimo kutoka kwenye vifaa vilivyoko mtoni na kuviingiza kwenye mwigo. Ndiye wa kwanza kuipenda lugha yangu bila kushikiwa fimbo.

9 Machi

Mvua ya kwanza. Dirisha la kibarazani linavuja tena.

11 Machi

Leo nimekusanya sababu zote walizoandika na kuzisoma nikinywa chai. *Kwa sababu nina haraka. Kwa sababu ndivyo ilivyo. Kwa sababu hata jana ilikuwa hivi.* Profesa ameandika *kwa sababu niliupima mwenyewe*, mstari baada ya mstari, kama mtoto aliyepewa adhabu ya kurudia sentensi. Mmoja ameandika *kwa sababu Bi Vipimo hayupo leo*. Bi Vipimo ni mimi, na siku hiyo nilikwenda kung'oa jino.

Nilicheka mpaka kikombe kilipofika nusu. Kisha nikaona hakuna cha kuchekesha. Programu nzima imejaa *amini*. Wamehamisha uchafu wote wa lugha ya zamani na kuuingiza kwenye nyumba yangu mpya, na viatu hawakuvua.

Jumapili, 15 Machi

Nimeshinda kwa kaka. Nyumba yake ni ya mwisho kabla ya mto, upande wa chini, na ukikaa uani unayasikia maji. Kaka ni fundi wa majokofu. Mkewe anashona sare za wanafunzi kwenye chumba cha mbele, kwa cherehani ya chuma ambayo watu wawili wanaibeba kwa kuguna. Siku zote nikifika ananitania kabla sijakaa.

Leo alikuwa na pini mdomoni. "Wifi," akasema, "mimi na wewe kazi yetu moja, kupima. Ila mimi nikikosea, mtoto wa watu anavaa suruali fupi, basi."

Kaka akasema mwaka huu mawingu hayapendezi. Nikawaambia wasisikilize redio wala majirani. Maji yakitaka kuja nitawapigia mimi mwenyewe, mapema. Wifi akasema basi yeye hana wasiwasi, ana mto ndani ya familia. Watoto wao wawili wakaniletea madaftari, nikawasaidia hesabu za sehemu mpaka giza likaingia.

Ijumaa, 20 Machi

Nimetundika ubao karibu na mlango wa kitengo. Kila Ijumaa nitaandika kila mtu ana *amini* ngapi. Nimeanza na Profesa, maana ndiye mfalme wao. Alipita, akausoma bila miwani, akasema mwandiko wangu mzuri.

24 Machi

Mvua kutwa.

27 Machi

Ubao unafanya kazi. Watu wazima wenye shahada zao wanakuja kwangu wakinong'ona, wananiomba niwasaidie kupunguza kabla ya Ijumaa. Aibu imefanya kilichoshindikana kwa hoja. Hata Profesa, shingo upande, ameketi na mimi asubuhi nzima, mstari mmoja mmoja, akikumbuka kila namba yake ilikuwa nini. Tumekuta mahali ambapo kasi ya maji ilikuwa kwa saa na mlinganyo unataka kwa sekunde. Miaka yote hiyo. Alikuwa ameirekebisha kwa kuzidisha na namba nyingine ya kubuni, na majibu yakatoka sawa, akawa hagusi tena. Nilitaka kumsuta lakini uso wake ulinizuia. Alikuwa ameona haya kweli.

Nikaondoka pale nikiwa mrefu. Nakiri, nilitembea kibarazani nikijiona.

2 Aprili

Gogo limeng'oa kifaa cha zamani cha darajani, kile kinachotuambia kina cha mto. Mafundi wa kampuni wamekuja, wamefunga kipya kwenye nguzo ya daraja, wameondoka. Chiriku amekwisha kukiunganisha na mwigo.

4 Aprili

Kifaa kipya kinasoma chini kuliko kile cha zamani kilivyokuwa kikisoma. Mvua imepumzika siku hizi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Profesa anasema mto nao ni mzee, unahitaji kupumzika.

Ubaoni zimebaki *amini* za kuhesabika kwa vidole.

Jumatano, 8 Aprili

Ijumaa tunapokea wageni, wakuu wa vitengo vya mito mingine, wanakuja kuiona lugha. Mkuu ameniita na kuniambia angependa ubao uwe mtupu. Sikuhitaji kuombwa. Imebaki *amini* moja tu, na ni ya Chiriku, yaani mtu wangu mwenyewe ndiye anayenitia kidole machoni.

Mstari wenyewe ni huu: *kina cha mto = amini kipimo cha darajani kwa sababu sijui kifaa kipya kinaanza kuhesabu kutoka wapi.*

Nimekwenda mezani kwake. Nimemuuliza hii sababu au barua ya kuomba ruhusa. Akasema ameshawaandikia mafundi na hawajajibu, amewapigia na simu inaita tu.

"Kifaa kinaonyesha nini?" nikamuuliza.

"Mita."

"Basi andika mita."

"Ndiyo, Mama, lakini mita kutoka wapi?"

Profesa alikuwa meza ya jirani, akainua kichwa. Nikahisi kitengo kizima kinasikiliza kama nitamlegezea mtoto wangu baada ya kuwabana wengine wote. Nikamwambia mita ni mita, na kwamba alichoandika si sababu bali ni kilio, na kwamba asiyejua huuliza, hatundiki kutojua kwake kwenye programu ya serikali kila mtu aone. Akageukia kompyuta, akafuta, akaandika *mita*. Lugha yangu ikaukubali mstari bila neno.

Kutwa nzima hakuzungumza tena. Nilidhani amenuna.

Ijumaa, 10 Aprili

Ubao mtupu. Wageni wamepiga picha mbele yake. Mmoja wao, mama mmoja mwenye sauti nene, aliniambia ameisubiri lugha kama hii tangu aajiriwe, nikaenda msalani nikalia kidogo. Profesa amenipa mkono.

"Kila namba sasa ina jina lake," akasema. "Tunaomba tu na mto uisome lugha yako."

Wivu haujifichi.

14 Aprili

Mvua imerudi, na imerudi na hasira. Mwigo unasema ukingo uko mbali bado.

16 Aprili

Mvua.

18 Aprili

Mvua. Lifti haifanyi kazi. Kaka amepiga simu kuuliza, nikamwambia bado.

20 Aprili

Mvua. Mwigo unasema maji yatapanda kesho na keshokutwa yataanza kushuka, bila kuvuka ukingo. Taarifa imetoka hivyo kwa sahihi ya Mkuu.

Jumanne, 21 Aprili

Wifi amefariki.

26 Aprili

Tumemzika juzi. Leo ndio mkono unaweza kushika kalamu.

Asubuhi ile kaka alinipigia mapema kabla hajaenda kwa mteja. Akasema maji yameshafika kwenye nyasi nyuma ya uzio, na hajawahi kuyaona pale. Nilikuwa mbele ya kompyuta. Nikamsomea: kina ni hiki, ukingo ni huu, tofauti ni zaidi ya mita nzima. Nikamwambia hayo ya kwenye nyasi ni maji ya mvua yaliyokosa pa kwenda, si mto. Nilimwambia kwa upole, kama unavyomwelekeza mtu asiye na kazi yako. Wifi akamnyang'anya simu.

"Wifi, nipandishe cherehani juu ya meza au niache?"

"Acha tu, utajiumiza mgongo bure."

"Haya. Wewe ndiye mwenye mto."

Watoto wakaenda shule, ambayo iko juu, nashukuru. Kaka akaenda kazini. Mchana maji yakaingia mtaani yote kwa pamoja, kutokea upande wa mto. Wifi alitoka. Hilo majirani wote wanalisema, alitoka, alikuwa amefika barabarani na viatu mkononi. Kisha akakumbuka sare. Zilikuwa zimekamilika, zimekunjwa sakafuni kando ya cherehani, za watoto wa watu. Jirani mmoja alimshika mkono akamwambia achana nazo. Akasema anaingia na kutoka. Ukuta wa nyuma ukaanguka akiwa ndani.

Kwenye mazishi kaka hakuniuliza kitu. Alinishika bega akaniambia pole, mimi, aniambie mimi pole. Profesa alikuja, na suti yake ya zamani iliyolowa, akasimama nyuma mpaka mwisho akimfunika mtoto wa mtu asiyemjua kwa mwavuli wake. Sikuwahi kumfikiria kama mtu mwenye mwavuli wa kumpa mwenzake.

29 Aprili

Nimerudi kazini na lengo moja, kumpata aliyemuua wifi yangu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia ngazini. Nilikuwa na uhakika ni Profesa, ni ile milinganyo yake, kuna *amini* moja ameificha mahali na sababu yake ya kiburi. Nikafungua programu nikaitafuta. Hakuna. Nikatafuta tena. Programu nzima, safi kama sahani iliyooshwa, hakuna hata *amini* moja.

Ndipo nikaanza kusoma mstari kwa mstari, kuanzia juu. Nilipofika kwenye kina cha mto nikaupita. Nikasoma mistari kadhaa mbele yake. Nikarudi.

*Kina cha mto = kipimo cha darajani, mita.*

Niliwapigia mafundi wa kampuni. Wakapokea mara moja. Nikauliza kifaa kinaanza kuhesabu kutoka wapi. Yule kijana akajibu kwa uchangamfu kwamba kinaanzia juu ya zege la msingi wa nguzo. Na zege limenyanyuka kiasi gani kutoka chini ya mto? Akasema subiri. Akarudi akasema mita moja na nusu hivi. Mto ulikuwa mita moja na nusu zaidi ya tulivyoamini, siku zote tangu kifaa kifungwe, na lugha yangu ilikuwa inapokea mita na kutoa mita na kuridhika.

Ningeliacha lile neno, kila taarifa iliyotoka ingebeba sababu yake mkiani, maana ndivyo nilivyoitengeneza. Mkuu angeisoma kabla hajatia sahihi. Mtu angeuliza.

Sikuwa mkali kwa ajili ya mto. Nilikuwa mkali kwa ajili ya ubao.

30 Aprili

Sikwenda kazini. Nimelala nikitazama ukuta.

Jumanne, 5 Mei

Kamati ya uchunguzi. Watu wa nje, suti, chupa za maji mezani. Walikuwa na kila badiliko lililowahi kufanywa kwenye programu, nani amefuta nini na siku gani, na kwa mstari ule jina lililoonekana ni la Chiriku. Aliandika shaka yake, na kabla haijajibiwa akaifuta kwa mkono wake mwenyewe, akaandika maelezo ya badiliko: *nimerekebisha*. Mwenyekiti alilisoma neno hilo polepole.

Nikasimama. Nikawaambia nilimwamuru mimi. Nikawaeleza ubao, wageni, maneno niliyomwambia, nikayarudia yalivyo. Chiriku alikuwa ameinamisha kichwa. Mwenyekiti akanisikiliza kwa heshima ile inayotolewa kwa mfiwa, akasema kamati inaelewa nimemlea huyu binti kikazi na inathamini moyo wangu.

Profesa akaomba kusema. Akavua miwani.

"Nilikuwepo," akasema. "Alimwambia mita ni mita. Mimi nilitabasamu, kwa sababu kwa mara ya kwanza alizungumza kama mimi."

Nimemchukia mtu huyu msimu mzima, na ndiye pekee aliyesema ukweli kunihusu. Wakayaandika maneno yake. Baadaye mwenyekiti akasema maneno ya mdomo hayabadilishi programu, anayewajibika ni aliyefuta, na kwamba lugha yenyewe, hili walitaka liingie kwenye kumbukumbu, haikuonekana kuwa na dosari yoyote. Mkuu alishusha pumzi hadi nikaisikia.

Ijumaa, 8 Mei

Chiriku amefukuzwa kazi. Nimemkuta akipanga vitu kwenye boksi la karatasi za kuchapia, nikaanza kumsaidia, akaniachia nimsaidie. Nilisema yote niliyopanga kusema, kwamba nitakata rufaa kwa ajili yake, kwamba nitaandika kwa wakubwa wa kamati, kwamba mimi ndiye. Aliniacha nimalize.

"Mama, mimi nilijua," akasema. "Si kwamba hukunielewesha. Nilijua nafuta kitu cha maana. Nilitaka tu ubao wako uwe mtupu, ufurahi."

Nikamwambia asiseme hivyo. Akasema anasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, akainua boksi lake, akaondoka. Kitengo kizima kilijifanya kinafanya kazi. Jioni niliung'oa ubao. Misumari ilibaki ukutani.

11 Mei

Mvua imekwisha. Watu wameanika magodoro kwenye uzio wa reli.

12 Mei

Yule mama mwenye sauti nene ameandika. Vitengo vyote vya mito vinaichukua lugha yangu kuanzia mwaka ujao. Wana ombi moja tu, kutokana na yaliyotokea kwetu. Wanaomba niliondoe neno *amini* kabisa, lisiwepo, ili watu wasipate mahali pa kuandikia shaka zao badala ya kuzimaliza.

Nimemwandikia kwamba wamelielewa kinyume. Nimejaribu kueleza kwamba lile neno ndilo lililokuwa jicho, na mimi ndiye niliyelifumba, na kwamba kinachotakiwa ni njia ya kuandika mita kutoka wapi, na mahali pa mtu kusema sijui bila kutundikwa ukutani. Barua ilikuwa ndefu. Mkuu alijibu kabla yangu. Amewakubalia.

Alhamisi, 14 Mei

Kamati imempelekea kaka nakala ya ripoti. Alinipigia saa za mchana. Anaishi sasa na watoto kwenye chumba cha kupanga nyuma ya karakana ya rafiki yake. Akaniambia amelisoma jina la yule binti na anataka kumwona. Akaniuliza nyumbani kwake ni wapi, maana nilifanya naye kazi lazima najua. Sauti yake ilikuwa tulivu, na mimi namjua kaka yangu, utulivu ule si wa kusamehe.

Nikamwambia nakuja.

Nilimkuta amechuchumaa mbele ya jokofu lililofunuliwa mgongo, anakwangua matope kwa bisibisi. Watoto walikuwa shule. Hakusimama, akanisogezea kigoda kwa mguu. Njia nzima nilikuwa nimejipangia maneno, nianze na kifaa, nieleze zege, niende taratibu. Nilipokaa yote yakanitoka.

Nikamwambia yule binti aliandika kwamba hajui mto unahesabiwa kutoka wapi. Aliandika wazi. Mimi ndiye niliyemwambia afute.

Aliacha kukwangua.

"Aliandika hajui?"

"Aliandika."

"Na wewe ulisoma?"

"Nilisoma."

"Ukamwambia afute."

"Nilimwambia afute. Kulikuwa na wageni wanakuja."

Akaifuta ile bisibisi kwa suruali yake, upande huu na upande ule. Nilingoja anitukane. Ningepiga magoti kwa tusi moja. Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nilimpenda, kwamba hakuna mtu duniani aliyenitania kama yeye, lakini nikaona sina haki ya kumbebesha na hilo.

"Watoto wasijue," akasema mwishowe. "Mama yao wameshamkosa, wana shangazi mmoja. Kila siku wananiuliza shangazi anakuja lini. Uje Jumapili kama zamani, ule nao, uwasaidie hesabu zao."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa nimetoka."

Akarudi kwenye jokofu.

Jumapili, 17 Mei

Nimekwenda. Alikuwa ametoka.